Dondoo muhimu: Otesha majani machanga ya njegere kwa mapishi ya Kichina

Majani haya, dou miao kwa Kichina, yana ladha tamu ya njegere zenyewe. Hunyauka upesi yakishakatwa, ndiyo maana yale yanayooteshwa nyumbani hayana mpinzani.

• Mbegu: Tumia njegere kavu nzima, zilizopasuliwa hazioti. Usitumie kamwe mbegu zilizotiwa dawa.

• Kuloweka: Loweka usiku kucha kwa maji mengi, kisha chuja.

• Kupanda: Weka udongo wa sentimita 5 kwenye trei yenye matundu. Tandaza njegere zikaribiane, zifunike kwa udongo kidogo, mwagilia.

• Mahali: Chagua penye mwanga na ubaridi, kwani joto kali hukomaza majani. Udongo uwe na unyevu bila maji kutuama, la sivyo mbegu zitaoza.

• Kuvuna: Baada ya wiki 2 hadi 3, miche ikifika sentimita 10 hadi 15, kata kwa mkasi juu kidogo ya jani la chini kabisa. Mara nyingi itachipua tena.

• Kupika: Osha, kung'uta maji. Chemsha mafuta kwenye karai, tia kitunguu saumu kilichopondwa, kisha majani na chumvi. Geuza kwa moto mkali kwa dakika 1 hivi. Yakinywea tu, epua. Kwa mtindo wa Kikantoni, yapike kwenye supu nzito ya kuku.

• Kipimo: Vuna mengi, kwani hupungua sana jikoni. Yaliwe siku hiyohiyo.