Grupu O haina kosa, mpeleke binti akapimwe macho

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Siku hizi haoni ubaoni, inabidi anakili kwenye daftari la mwenzake. Baba yake amevaa miwani nzito tangu akiwa shuleni, na wote wawili ni grupu O. Mimi ni A na naona vizuri. Mama mmoja anayeuza virutubisho ameniambia watu wa O wana macho dhaifu, nimwachishe mtoto maziwa na chapati, kisha nimnunulie vidonge vyake. Anasema pia miwani itazidi kumharibu macho. Nifanyeje?*
*Mama mwenye wasiwasi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Hiyo pesa ya vidonge usiitoe kwanza.

Grupu ya damu inatokana na aina ya sukari iliyo juu ya chembe nyekundu za damu. Karl Landsteiner alieleza makundi hayo mjini Vienna mwaka 1901, na tangu hapo yametusaidia hasa kujua nani anaweza kumwongezea nani damu. Wapo watafiti waliojaribu kuyahusisha na magonjwa ya macho, lakini majibu yao yanapingana. Hutamsikia mpimaji wa macho akikuuliza grupu kabla ya kukuandikia miwani.

Najua kilichokutia shaka: baba O, binti O, na wote hawaoni mbali. Lakini Afrika Mashariki karibu nusu ya watu ni O. Ukiwahesabu wavaa miwani wa mtaani kwenu, O watakuwa wengi. Ukiwahesabu wanaoiona vizuri milima ya Uluguru, O watakuwa wengi vilevile!

Alichorithi binti kwa baba yake, kama amerithi, ni kingine kabisa. Kwa kawaida asiyeona mbali jicho lake limerefuka kuliko inavyotakiwa, hivyo picha ya ubao inatua kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho. Urefu huo unachangiwa na jeni nyingi, pamoja na maisha ya kuinamia daftari na simu bila kutoka nje. Huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo hili walikuwa kama 30 katika kila 100, wakati wenzao ambao hawakuongezewa walikaribia 40. Kwa hiyo mtoe nje mchana, hata kama ni kwa kumtuma dukani.

Habari ya kula kwa grupu ilienezwa na kitabu cha Mmarekani Peter D'Adamo cha mwaka 1996. Watafiti wa Toronto waliipima mwaka 2014 wakakuta milo ile inaweza kumfaa mtu, ila grupu yake haikubadili chochote. Mrudishie mtoto maziwa yake, na chapati pia.

Yapo mambo ya damu yanayoumiza macho kweli: kisukari, presha na seli mundu. Hayo yote huharibu mishipa midogo ya retina. Kama ukoo wenu una seli mundu, mweleze daktari. Hapo swali ni AS au SS, majibu ya kipimo cha seli mundu, siyo A au O za grupu, na watu wengi huyachanganya.

Kuhusu miwani, iliyopimwa sawasawa haiharibu jicho. Namba ya miwani ya mtoto hupanda kwa sababu jicho lake bado linakua. Nenda naye kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, apimwe jicho moja moja, na usimnunulie miwani ya barabarani wala kumpa ya baba yake. Wakati mnasubiri, mwombe mwalimu wa darasa amketishe mbele.

Na huyo baba naye asibaki nyumbani. Mwenye miwani nzito ya kuonea mbali yuko katika hatari zaidi ya retina kuchomoka na ya kupata presha ya macho. Akiona ghafla vimulimuli, vidoti vyeusi vingi au kitu kama pazia kikishuka upande mmoja wa jicho, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.