Mitindo ya Uongozi na Namna ya Kuutambua Wako

Uongozi katika kata hauwahusu diwani na mtendaji peke yao. Mjumbe wa kamati ya mtaa, mwenyekiti wa kamati ya shule, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, hata mzee anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa kiwanja, wote ni viongozi. Kila mmoja ana mtindo wake, na mara nyingi huufuata bila kuutambua. Somo hili linaeleza mitindo mitatu, matokeo yake katika historia ya Shinyanga, na namna ya kujipima.

Mitindo mitatu

Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake wawili walichapisha nchini Marekani uchunguzi juu ya vikundi vya wavulana wa umri wa miaka 10 waliopewa kazi za mikono. Kiongozi wa amri aliamua kila jambo mwenyewe. Kiongozi shirikishi alijadiliana na kikundi kabla ya kuamua. Wa tatu aliwaachia watoto wafanye wapendavyo. Penye amri kazi ilifanyika, lakini kiongozi alipotoka ilizorota. Penye ushirikishwaji iliendelea hata alipokuwa hayupo. Penye kuachiwa, kazi ilikuwa haba.

Yaliyotokea Shinyanga

Kuanzia miaka ya 1920, wakati wa ukoloni, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba, wingi wa mifugo na ukataji wa kuni vikaongeza upungufu wa miti. Katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilizihamisha familia nyingi kwa amri. Familia hizo ziliacha nyuma ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Aliyehamishiwa mbali hakuweza kulinda ngitili yake, na nyingi zikatoweka.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mradi huo uliufufua utaratibu wa ngitili ambao Wasukuma waliufahamu tangu zamani. Maofisa walitoa utaalamu, familia na vijiji vilichagua maeneo, dagashida, yaani baraza la jadi, liliweka kanuni na faini, sungusungu walilinda. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Equator inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilikuwa zimerudishwa katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Ofisa mmoja asingeweza kulinda eneo la ukubwa huo. Wenye ngitili waliweza, kwa kuwa kanuni zilikuwa zao.

Kiongozi aweza kubadilika

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwenyewe alipitia mabadiliko. Mwaka 1972 Serikali yake ilianza kuziondoa halmashauri zilizochaguliwa na wananchi, na madaraka yakashikwa na maofisa wa Serikali mikoani na wilayani. Sheria za mwaka 1982 zikazirejesha, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuziondoa serikali za mitaa kulikuwa kosa.

Kujipima

Hakuna mtindo mmoja unaofaa kila jambo. Nyumba ikishika moto au kipindupindu kikiingia mtaani, amri ya haraka huokoa maisha, na maelezo hufuata baadaye. Fundi mwenye ujuzi huachiwa kazi yake, naye hukaguliwa kwa muda uliokubaliwa. Lakini mchango wa kujenga darasa, mahali pa kukusanyia taka au zamu za ulinzi ni mambo yanayohitaji mjadala, kwa sababu utekelezaji wake umo mikononi mwa wakazi wote.

Anayetaka kuutambua mtindo wake ajiulize maswali manne:

1. Katika mkutano uliopita, nani alizungumza zaidi: mimi au wananchi?
2. Je, lipo jambo nililolibadilisha baada ya kusikiliza hoja ya mwingine?
3. Nikisafiri mwezi mmoja, kazi ipi itaendelea na ipi itasimama?
4. Je, taarifa ya mapato na matumizi husomwa bila kudaiwa?

Majibu yake yalinganishwe na ya watu wawili wanaofanya kazi pamoja naye, kwa kuwa kiongozi huonwa na wengine tofauti na anavyojiona. Kisha achague jambo moja la kurekebisha kabla ya mkutano ujao. Aliyezoea kuamuru aanze kwa kuuliza maoni kabla ya kutoa lake. Aliyezoea kuwaachia wengine apange tarehe ya ukaguzi. Anayejadili bila kufikia uamuzi aweke ukomo wa mjadala, na uamuzi uandikwe katika muhtasari ili kila mkazi aweze kuufuatilia.