Chakula cha Shambani Kwetu

Somo letu safari hii lahusu chakula kilimwacho hapa hapa kwetu Ugogo. Tumelichagua kwa sababu kila mavuno twaona madebe ya uwele yakiuzwa upesi upesi ili kununua sembe na mkate, na ifikapo Novemba nyumba ile ile haina kitu ghalani. Je, hiyo ni biashara gani?

Tuanze na ardhi. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, basi, mavuno yamekwenda. Mtama hungoja: jua likizidi husimama kukua, mvua ikirudi huendelea. Uwele huvumilia zaidi, hata kwenye mchanga. Ni kweli kwamba kwelea kwelea hawana huruma, na watoto walioamia ndege zamani siku hizi wako darasani (nasi walimu ndio tuliowaita huko). Kwa hiyo watu wazima hatuna budi kupokezana zamu, na majirani kupanda wakati mmoja, ili ndege wasimalizie njaa yao shambani kwa mtu mmoja.

Sasa mwili. Mahindi yakikobolewa, kiini na pumba hutoka, na humo ndimo zilimo vitamini nyingi za kundi B pamoja na madini. Kilicho bora twawapa kuku! Uwele una madini ya chuma kuliko mahindi, na chuma hujenga damu, hasa ya mama mjamzito.

Tulipokuwa chuoni, wanafunzi wa mikoa mingine waliucheka mlenda wetu, wakauita chakula cha shida. Lakini majani mabichi ya kijani huupa mwili vitamini A, ambayo ni ya macho, nayo huingia mwilini vizuri yakipikwa kwa mafuta au karanga, kama mama zetu walivyofanya bila kusoma kitabu chochote. Makosa yetu ni mawili. Twaanika majani kwenye jua kali, ambalo hupunguza vitamini A. Tena twatia magadi mengi, ambayo huharibu vitamini C. Anikeni kivulini penye upepo, na magadi yawe kidogo sana. Baada ya kula, wapeni watoto ubuyu. Vitamini C yake husaidia mwili kupokea ile chuma.

Kuhusu fedha hatutasema mengi. Ngano nyingi ya nchi yetu hutoka ng'ambo. Vita ilipopamba moto Ukraine mwaka 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda hata huku kwetu. Hatusemi mkate ni mbaya. Sisi wenyewe twaupenda kwa chai.

Lakini chakula hakiwi salama kwa kuwa ni chetu tu. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na sumu hiyo haiondolewi kwa kupika. Basi msianike nafaka juu ya udongo. Tandikeni turubai au mkeka. Ing'ateni punje: ikivunjika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, irudisheni juani. Zilizoota ukungu msiwape hata kuku, zifukieni.