Ng'ombe Wamekula Miche Yetu

*Mshauri, sisi ni akina mama 23 wa chama kimoja hapa Kiamunyi, Nakuru. Mvua ya Aprili mwaka jana tulipanda miche ukingoni mwa Msitu wa Menengai. Kufikia Agosti ng'ombe walikuwa wameimaliza karibu yote. Wenzangu wengine wanataka tuchange tununue mingine. Wengine wanasema msitu ni wa serikali, tuachane nao. Tufanyeje?*

Mama wa Kiamunyi, poleni sana. Hiyo pesa ya mchango ishikeni kwanza. Mlipanda mahali ambapo kisheria hamna sauti, ndiyo maana mchungaji alipoingiza ng'ombe hamkuwa na la kumwambia.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawaruhusu wanaoishi karibu na msitu wa umma kusajili chama cha misitu, ile CFA, na kutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS. Mkataba ukipatikana, wanachama hupewa haki ya kuokota kuni, kukata nyasi, kutundika mizinga, hata kulisha mifugo kwa utaratibu. Nao husaidia kulinda msitu na kuzima moto. Mkikuta CFA ipo tayari, jiungeni nayo. Msianzishe ya pili ya kushindana. Na yule mchungaji mwiteni mkutanoni. Akihakikishiwa nyasi za kukata wakati wa kiangazi, hatakuwa na haja ya kuingiza ng'ombe kwenye miche.

Wanaosema muuache msitu, waambieni watazame mteremko ulivyo. Menengai imekaa juu ya mji. Mteremko huo ukiwa mtupu, mvua kubwa huteremsha maji na udongo hadi mitaani. Chini kabisa kuna Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutoa maji. Uchafu unaoingia humo hauna pa kwenda.

Sasa miche. Udongo wetu huu wa volkano hukauka upesi, kwa hiyo subirini mvua iloweshe udongo hadi chini, msipande kwa manyunyu ya kwanza. Karatasi ya mche itolewe yote, mizizi isikunjane. Acheni kisahani cha udongo kuzunguka mche, mfunike kwa nyasi kavu zisizogusa shina. Pandeni mutamaiyu na leleshwa, miti ya kwetu. Mikaratusi hunywa maji mengi mno. Kisha kila mama apewe miche yake ya kutunza kwa viangazi viwili. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo wengi huachia.

Pale Karura, Nairobi, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akienda kupanda mti. Leo msitu huo una chama cha jamii kinachoushughulikia pamoja na KFS, na familia hutembea humo na watoto. Hayo yanawezekana Menengai pia.

Wiki hii andikeni barua kwa ofisi ya msitu kuulizia CFA, na iwe na majina yenu nyote 23.