Daktari Charcot na Ugonjwa wa Kunyauka Misuli

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo iliyopita nilimkuta babu yangu, ambaye ni fundi seremala, ameiweka randa yake darini. Mkono wake wa kuume ulikuwa umekonda, na vidole havikuweza tena kushika msumari. Daktari alisema neva zinazoendesha misuli yake zinakufa. Lakini majirani walinong'ona kwamba amerogwa, na bibi kizee mmoja wa jirani akaanza kutazamwa vibaya. Niliporudi shuleni nilitafuta habari za ugonjwa huo maktabani, nikamkuta mtu ambaye yafaa wenzangu wamjue.

Kwanza tufahamu kazi ya neva hizo. Ukitaka kuinua kikombe, amri hutoka katika ubongo, ikashuka kwa neva za kwanza hata ndani ya uti wa mgongo. Hapo hupokewa na neva za pili, nazo huipeleka katika msuli. Neva za pili zikifa, msuli hulegea na kunyauka. Za kwanza zikiharibika, viungo hukakamaa. Mgonjwa huendelea kuona na kusikia, na akiguswa hujua. Mwisho misuli ya kumeza na kupumua hushindwa kazi.

Jean-Martin Charcot alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1825, mtoto wa fundi wa magari ya farasi. Mwaka 1862 alipewa madaraka katika hospitali ya Salpêtrière, iliyokuwa makao ya maelfu ya wanawake maskini, wazee na wagonjwa. Wengi wao hawakutarajiwa kupona. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini Charcot aliona kwamba hapo pana elimu kubwa.

Kazi yake aliifanya hivi. Alimtazama kila mgonjwa kwa makini, pengine kwa miaka mingi, akiandika na kuchora namna anavyotembea, anavyotetemeka na anavyoshika vitu. Mgonjwa alipofariki, uti wake wa mgongo ulikatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Kisha Charcot alilinganisha: dalili hii ilitokana na sehemu ipi iliyoharibika? Tukumbuke kuwa hakuwa na picha za eksirei, kwani ziligunduliwa mwaka 1895, miaka 2 baada ya kufa kwake.

Mwaka 1869 yeye na mwenzake Joffroy walitoa habari za wagonjwa 2 ambao misuli yao ilinyauka. Waliona madhara mahali pawili: katika seli za sehemu ya mbele ya uti wa mgongo, na katika nyuzi za pembeni ziletazo amri za ubongo. Hivyo mahali pa ugonjwa palijulikana. Mwaka 1874 Charcot aliupa jina refu, lenye maana ya misuli kukosa lishe na pembeni mwa uti kukakamaa. Kwa Kiingereza hufupishwa ALS, na Wafaransa wengi huuita ugonjwa wa Charcot. Mwaka 1882 aliwekewa kiti cha uprofesa wa maradhi ya neva huko Paris.

Je, aliwaponya wagonjwa hao? La, hakuweza. Lakini waliokuja nyuma walianzia pale alipoishia. Mwaka 1993 iligunduliwa jeni ya kwanza inayohusika na ugonjwa huo, iitwayo SOD1. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu dawa ya riluzoli, ambayo huongeza maisha kwa miezi michache. Mwaka 2023 iliruhusiwa dawa nyingine, kwa wale wachache wenye kasoro katika jeni ya SOD1. Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana bado, na kazi hiyo inawangoja vijana wanaosoma sayansi leo.

Basi, kuna faida gani kuujua ugonjwa usioponyeka? Mimi nilipata jibu langu. Mambo haya yote nilimwandikia baba, nikachora na uti wa mgongo ili aelewe. Amenijibu kwamba aliisoma barua hiyo barazani mbele ya majirani, na wazee wakaukagua mchoro mmoja baada ya mwingine. Babu hajapata nafuu. Sasa hulishwa kwa kijiko. Lakini siku ya pili yake bibi yule alikuja na uji kumjulia hali, na hakuna aliyemzuia mlangoni.