SOMO LA SOKO: Jipu dogo la familia lisijaribiwe kwa kuzunguka yadi

Kwa familia nyingi za mijini hapa Tanzania, ukiacha kiwanja na nyumba, hakuna kitu kinachomeza akiba kubwa kwa mara moja kama gari. Kiwanja mtu hukizungukia hata mwezi mzima, akauliza majirani, akamwita mpima na mjumbe. Gari la mamilioni ya shilingi, kinyume chake, hununuliwa baada ya kuendeshwa dakika saba kutoka yadi hadi kituo cha mafuta na kurudi, redio ikiwa imefunguliwa na dalali akiwa hanyamazi. Ukishalipa, gari la mkononi limeuzwa kama lilivyo. Ndiyo sababu safu hii leo inaacha bei kwa muda na kushughulikia saa mbili za mwanzo, ambazo mnunuzi bado ana sauti.

Tunazungumzia yale magari yenye sura ya jipu na ukubwa wa gari dogo: Toyota RAV4, Honda CR-V, Nissan X-Trail, Subaru Forester na Suzuki Escudo. RAV4 iliingia sokoni Japani mwaka 1994, CR-V ikafuata mwaka 1995, Forester mwaka 1997 na X-Trail mwaka 2000. Karibu yote yamejengwa kwa misingi ya gari la kawaida, bodi na chesisi vikiwa kitu kimoja, kisha yakainuliwa. Escudo za zamani ndizo zilizotofautiana, kwa kuwa zilikuwa na chesisi imara na gia ya ziada ya kupandia polepole. Mnunuzi anayedhani amepata Land Cruiser kwa nusu ya bei ajue mapema kuwa amenunua gari la kupeleka watoto shule, lenye uwezo kidogo wa kuvuka tope. Kwa kazi hiyo ni magari mazuri sana. Basi lijaribu kwa kazi hiyo.

Njia iwe yako

Muuzaji ana njia yake ya majaribio, nayo aghalabu ni lami tupu isiyo na mlima. Wewe mwambie unataka kwenda nyumbani kwako. Mkazi wa Goba, Makabe au Mbezi ya Kimara ana bahati katika hili, maana barabara zake zina miinuko mikali, vumbi na mashimo ndani ya kilomita chache. Anayekaa tambarare, kama Mikocheni au Temeke, atafute mlima makusudi. Njia nzuri ya majaribio iwe na vitu vinne: foleni, mlima, matuta na kipande cha lami iliyonyooka nje ya msongamano. Saa moja na nusu inatosha. Weka mafuta ya lita kumi kwa fedha yako ili asikuhesabie dakika.

Kabla ya kutoka, uliza bima ikoje na nani atabeba gharama gari likigongwa mikononi mwako. Swali hili huonekana la uchokozi, lakini ni bora liulizwe yadini kuliko mbele ya trafiki. Na leseni yako uwe nayo mfukoni.

Fika mapema, injini ikiwa baridi

Sharti la kwanza, ambalo mnunuzi asilegeze hata kidogo, ni kulikuta gari halijawashwa. Piga simu jana yake, sema utafika saa 1 asubuhi, na ufike saa 12 na nusu. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, kuna mtu ameliwasha kabla yako. Huenda hana nia mbaya, lakini injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Rudi kesho.

Geuza ufunguo hatua moja bila kuwasha. Taa ya injini, ya breki na ya mifuko ya hewa lazima ziwake zote pamoja, kisha zizimike baada ya gari kuwaka. Taa isiyowaka kabisa katika hatua hii ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu yaelekea imeng'olewa au imezibwa. Sasa washa, na mwenzako asimame nyuma kwenye ekzozi. Mvuke mwepeku wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache si kitu. Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha unaashiria maji yanaingia ndani ya injini, na hapo hakuna punguzo la bei linalotosha. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi, jambo ambalo mara nyingi hutibika kwa gharama ndogo.

Angalia pia mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Dashibodi ikisoma kilomita 68,000 huku mpira wa pedali umelika upande mmoja hadi chuma, amini mpira. Cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje kwa kawaida huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa huko, omba kukiona.

Giaboksi ndiyo pesa

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo familia nyingi zimeumia. X-Trail zilizoanza kutoka mwaka 2007, RAV4 nyingi za soko la Japani zilizoanza mwishoni mwa 2005, na nyingine za rika hilo, hazina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia za hatua. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na mafundi huiita CVT. Faida yake ni ulaini na mafuta kidogo. Hasara yake ni kuwa haivumilii joto wala mafuta yasiyo yake. Mtu akiijaza oili ya giaboksi ya kawaida ili kuokoa fedha, ataiharibu, na mara nyingi dawa yake ni kununua giaboksi nyingine.

Ijaribu mara mbili: ikiwa baridi na ikiwa imepata moto. Asubuhi, mguu ukiwa kwenye breki, toa mkono wa gia kutoka P kwenda R, kisha D. Gari lishike mara moja na kwa upole. Likisubiri sekunde mbili kisha likaruka, andika. Ondoka taratibu kama mtu aliye kwenye foleni. Mtetemo unaosikika kati ya kusimama na mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kama gari linapita juu ya mabati, ni dalili ya mkanda au mafuta yaliyochoka. Injini kupanda sauti kabla ya mwendo kupanda ni tabia ya kawaida ya giaboksi hizi, hilo lisikutishe. Lakini sauti ya kulia kama nyuki inayopanda pamoja na mwendo si ya kawaida.

Kisha nenda mlimani baada ya nusu saa ya kuendesha, gari likiwa limejaa watu. Simama katikati ya mlima, ondoka tena, rudia mara tatu. Giaboksi ikipata moto kupita kiasi, kompyuta ya gari hupunguza nguvu ili kuilinda, na dereva ataona anakanyaga lakini gari halijibu. Kasoro hii haionekani kamwe kwenye duara la yadi, nayo ndiyo itakayokukuta Kitonga mwezi Desemba, familia ikiwa ndani na mizigo juu. Muulize muuzaji mafuta ya giaboksi yamebadilishwa lini na aonyeshe risiti. Asipokuwa nayo, hesabu kuwa hayajabadilishwa.

Foleni na kiyoyozi

Mlimani kumekwisha, tafuta foleni. Ukiikosa, jambo ambalo Dar es Salaam ni nadra, egesha kivulini na uache injini ikiunguruma dakika 20 huku kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho. Mshale wa joto ukifika katikati ubaki hapo. Magari mengine hayana mshale, yana taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari tu. Kwa hayo, fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta atakuambia joto halisi kwa digrii. Sikiliza feni za rejeta zikiingia na kutoka. Hewa ya kiyoyozi ikianza baridi na kuishia vuguvugu gari likiwa limesimama, tatizo linaweza kuwa gesi, feni au kompresa, na bei za vitu hivyo vitatu haziko karibu. Usikubali kuambiwa ni gesi tu. Kama ni gesi tu, muuzaji aijaze mwenyewe kabla hujarudi.

Watu wako wawemo

Mnunuzi huenda kujaribu gari peke yake, au na rafiki anayejua magari. Safu hii inashauri aende na fundi, na pia aende na mke au mume, watoto wote, na kama bibi huishi nao, na bibi. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350 kabla ya begi hata moja. Springi na shokapu zilizochoka hazitajificha: pita tuta kwa mwendo wa kawaida na usikilize kama nyuma inagonga chini, au inaendelea kupandishana mara tatu nne baada ya tuta.

Bibi apande na kushuka mwenyewe. Urefu wa gari unaompendeza kijana unaweza kumsumbua mtu mwenye magoti mabovu, na safari ya kliniki ni ya kila mwezi. Kiti cha mtoto kifungwe kweli, si kwa macho. Tafuta vyuma vya kukifungia katikati ya mgongo wa kiti na makalio yake, na vuta mikanda yote mitatu ya nyuma uone kama inakaba ukiistua. Familia ya watu sita isidanganyike na gari la watu watano. Zipo zenye safu ya tatu, kama Toyota Vanguard, ambayo ni RAV4 iliyorefushwa, baadhi zikiwa na viti saba. Lakini mketishe mtu mzima pale nyuma kwa dakika kumi, kisha ufungue buti uone nafasi iliyobaki. Mara nyingi ni ya mfuko mmoja wa sokoni.

Dereva wa pili naye aendeshe. Gari la familia lina watu wawili wa kuliendesha, na ambaye hakulijaribu ndiye atakayegundua baada ya kulipa kwamba nguzo ya pembeni inamzuia kuona pikipiki.

Je, ni fowili kweli?

Sura ya jipu si ushahidi. RAV4, CR-V na X-Trail ziliuzwa pia zikiwa zinavuta kwa magurudumu mawili ya mbele tu. Chungulia chini: kama hakuna propela shafti inayokwenda nyuma na difu kwenye ekseli ya nyuma, hakuna fowili, hata nembo iandikweje. Kwa mtu wa mjini wa barabara za lami hilo si kasoro, bali sababu ya kupunguza bei. Kama ipo, kata kona hadi mwisho wa usukani, kulia na kushoto, polepole penye nafasi. Mlio wa kukatika kwa mfululizo unatoka kwenye viungio vya ekseli za mbele.

Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika kwa usawa, hasa kwa Forester, maana zinazotofautiana huutesa mfumo wote. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni tairi ya wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake zinang'aa.

Hesabu ya mafuta

Maneno ya muuzaji kuhusu unywaji wa mafuta yaache. Kwa familia inayokwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, gari la kilomita 12 kwa lita linakunywa lita 1,250. La kilomita 9 kwa lita, lita 1,667. Tofauti ni lita 417 kila mwaka. Zizidishe kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu, kisha kwa miaka mitano unayotarajia kukaa na gari, na ulinganishe na tofauti ya bei iliyokuvutia yadini. Injini ya lita 2.4 iliyopunguzwa bei huonekana tofauti kabisa baada ya hesabu hiyo.

Ukiridhika, usitoe hata kishika gari kabla fundi wako hajaliinua na kulikagua chini, na kabla hujalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, jina la mmiliki na madeni ya faini za barabarani. Kasoro ulizoandika njiani zipige bei moja moja kwenye maduka ya spea kabla ya kurudi mezani, na jumla hiyo iondoe kwenye bei aliyotaja. Akikubali, risiti iandikwe namba ya chesisi, kiasi kilichotolewa, kilichobaki, na tarehe ya kukabidhiana kadi.