Biskuti za Bangi: Kwa Wakazi wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Wapo wanaouliza: kati ya biskuti, keki, pipi na chai iliyotiwa bangi, ipi ina nafuu? Hakuna. Umbo la kitafunwa halikuambii nguvu iliyomo. Kanada, ambako vyakula hivi huuzwa kisheria, paketi nzima hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC, kemikali inayolevya, na kipimo huandikwa juu yake. Biskuti za bangi ambazo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imezikamata Dar es Salaam hupikwa kwa siri. Hata mbili za sinia moja zinaweza kupishana nguvu.

Kinachoponza watu zaidi ni bangi ya kula kuchelewa kulevya. Moshi wa bangi hulevya ndani ya dakika chache. Iliyoliwa hupita tumboni hadi kwenye ini, nalo huigeuza THC kuwa kemikali kali zaidi. Dalili huanza baada ya nusu saa hadi saa mbili, na huweza kudumu saa 12. Anayeona stimu hazijapanda huongeza kipande cha pili, kisha vyote humshika kwa pamoja. Mvuvi wa Liuli aliyekula jioni kabla ya kufuata usipa, itamshika usiku katikati ya ziwa, mawimbi yakiwa yamechachamaa na hana wa kumpokea kasia. Wa bodaboda anayeshuka Mbamba Bay itamkuta kwenye kona za milimani.

Hofu yetu kubwa ni mtoto. Yeye akiiona biskuti, anakula. Akiyumba, akilegea, akitapika, akisinzia asiamshike au akipumua kwa shida, mkimbizeni hospitali iliyo karibu, iwe Mbinga, Litembo au Liuli. Msimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mwambieni daktari alichokula, hata kama mnaogopa polisi. Dalili hizi hufanana na za malaria kali, na ukweli wenu utaokoa muda.

Ng'ambo ya ziwa, Malawi iliruhusu mwaka 2020 kilimo cha bangi ya dawa na ya viwandani, kwa leseni. Ruhusa hiyo haivuki maji. Kwetu, chini ya sheria ya mwaka 2015, anayekamatwa na biskuti ya bangi ana kesi ya dawa za kulevya. Ukiona zinauzwa, piga 119, namba ya Mamlaka, bila malipo.